Elektroni za ionosfea: kwa nini hesabu inashuka chini ya sifuri?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimechukua data za kipokezi cha GPS cha Malindi nifuatilie jinsi elektroni za ionosfea (tabaka la juu la angahewa lenye elektroni huru) zinavyoongezeka na kupungua mchana na usiku. Alfajiri napata namba hasi, na setilaiti mbili zilizo jirani angani zinapishana kwa vizio 20 dakika ileile. Je, kipokezi ni kibovu? – Mwanafunzi, Mombasa

JIBU: Si lazima kiwe kibovu. Elektroni haziwezi kuwa pungufu ya sifuri, basi kilichosalia ndani ya hesabu yako ni ucheleweshaji wa vifaa. Mawimbi ya L1 (megahezi 1575.42) na L2 (1227.60) hayachelewi sawasawa ndani ya saketi za setilaiti na za kipokezi. Nanosekunde moja ya tofauti inazaa kosa la vizio 2.85, kizio kimoja ni elektroni 10¹⁶ kwa mita ya mraba.

Chukua umbali wa P2 (umbali hadi setilaiti uliopimwa kwa kodi ya L2), toa wa P1 (uliopimwa kwa kodi ya L1), zidisha mita kwa 9.52 upate vizio. Kodi ina kelele, kwa hiyo umbo la mchirizi (mstari wa hesabu za setilaiti moja kadiri muda unavyopita) lipate kwenye awamu ya wimbi lenyewe, kodi ikusaidie kuuweka kwenye kiwango chake tu. Awamu ikiruka ghafla, kata hapo, anza mchirizi mpya. Kisha ondoa tofauti ya ucheleweshaji ya kila setilaiti. CODE, kituo cha uchambuzi wa data za GPS kilichoko Bern, Uswisi, huzichapisha kila mwezi. Hapa ndipo wengi hujikwaa: wanageuza alama ya kutoa kuwa ya kujumlisha, au kipokezi kinatoa C1 (kodi ya kiraia ya L1) nao wanatumia jedwali la P1 bila sahihisho.

Geuza matokeo ya njia iliyoinama yawe ya wima, ukichukulia elektroni zote ziko kwenye tabaka moja jembamba la kimo cha kilomita 400. Tofauti ya kipokezi itafute mwenyewe: ni ile inayozifanya setilaiti zote zikubaliane kuanzia saa 9 usiku hadi saa 11 alfajiri, yaani 00:00 hadi 02:00 kwenye faili, ambayo saa yake iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Michirizi ya usiku ikipinda kama bakuli, umeondoa kupita kiasi. Ikiinuka kama kuba, hujaondoa vya kutosha.

Setilaiti zilizo chini ya nyuzi 30 kutoka upeo wa macho ziache. Malindi iko karibu na kilele cha kusini cha elektroni zinazoinuliwa mchana juu ya ikweta ya sumaku (mstari ambako uga wa sumaku wa dunia umelala mlalo) na kuteremka pande zote mbili. Mteremko huo ni mkali, na tabaka moja jembamba haliwezi kuubeba kwa setilaiti iliyoinama.