Nunua umbo, rangi utaitia mwenyewe

Ukiinamia lundo la mitumba kwa mara ya kwanza kutafuta vitu vya kutengenezea mapambo ya sikukuu, macho yatakimbilia vinavyong'aa. Kinara cha mshumaa kilichobanduka rangi utakipita. Kikapu chenye vumbi nacho utakipita. Utaondoka na mfuko wa maua mekundu ya plastiki kwa sababu tu ni mekundu, na ukifika nyumbani hayapati pa kukaa. Nilianza hivyo mimi, na wengi niliowafundisha walianza hivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya gundi na mkasi, jifunze hili: tazama umbo. Rangi unaibadilisha mchana mmoja, doa unalifunika, mng'ao unauongeza. Umbo baya litakushinda.

Mimi hukishika kitu kwa mkono ulionyooka, nikafinya macho mpaka rangi ififie na kubaki kivuli chake tu. Kinara chenye shingo nyembamba na kitako kipana kitapendeza hata kikipakwa nini. Ukipata vitatu vya urefu tofauti, kila kimoja kikiwa na asili yake, kimoja cha mbao, kimoja cha shaba, kimoja cha plastiki, vipake rangi moja uone. Vitakaa mezani kama ndugu wa tumbo moja, na hakuna atakayeuliza vilitoka wapi.

Hapo ndipo rangi inapoingia. Chagua mbili, na ya tatu iwe kidogo sana, ya kuamshia tu: labda nyeupe na kijani kibichi, na dhahabu kwa mbali. Usibadilishe katikati ya kazi. Mapambo ya bei ndogo huonekana ya bei ndogo pale kila kimoja kinapopiga kelele zake. Kata kipande cha kitambaa au uzi wa rangi zako, ukitie mfukoni kila unapokwenda kununua. Kumbukumbu ya macho hudanganya. Utaapa kwamba utepe huu ndio kijani chako, kumbe ukiviweka pamoja havisalimiani.

Sasa kuosha. Wanaoanza huparuka hapa, na ndiyo maana rangi yao hubanduka kabla ya sikukuu kufika. Kitu kilichopita mikononi mwa watu kina mafuta ya vidole, na rangi haishiki juu ya mafuta. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha kabisa, kisha kioo na chuma uvifute kwa spiriti, na baada ya hapo usiviguse kwa vidole vitupu. Plastiki inayoteleza ipitishe msasa laini kidogo tu, ipoteze ule utelezi. Lebo loweka. Ile gundi inayobaki ikinata paka mafuta ya kupikia, iache nusu saa, halafu isugue kwa kitambaa na uoshe tena kwa sabuni.

Ila kuna kitu ambacho hupaswi kukipiga msasa: mbao au chuma cha zamani sana chenye rangi inayobabuka. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Marekani ilipiga marufuku rangi za namna hiyo majumbani mwaka 1978, lakini vitu vilivyopakwa kabla ya hapo bado vinazunguka mikononi mwa watu. Ukiwa na shaka, kiache palepale.

Rangi ya kupuliza inataka hewa, kwa hiyo toka nje. Tikisa kopo dakika nzima baada ya kusikia gololi ikigonga ndani. Simama sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye kitu, anza kupuliza pembeni yake, kipite, achia kidole ukishakivuka. Tabaka la kwanza likionekana lina mawingu na halijafunika, umefanya sawa. Matabaka matatu membamba hayachuruziki; moja nene litachuruzika na litakunata siku mbili.

Nikuambie na kosa lililoniuma. Niliwahi kununua mipira 12 ya stairofomu, lile povu jeupe kama linalofungiwa vifaa vya umeme, nikaipanga uwani na kuipulizia dhahabu. Ndani ya dakika chache ikaanza kuingia mashimo, uso ukalika kama umechomwa. Kiyeyushi kilichomo kwenye rangi nyingi za kupuliza hulila povu hilo. Stairofomu ipake rangi ya maji kwa brashi, na ukiigandisha tumia gundi nyeupe, kwa sababu hata gundi ya moto ikiwa kali huitoboa.

Kuhusu gundi, usitafute moja ya kila kitu. Gundi nyeupe ni ya karatasi na kitambaa. Hukauka bila kuacha doa lakini huhitaji subira. Gundi ya moto, ile ya vijiti vinavyoyeyuka kwenye bastola yake, ni ya vijiti vya miti, koni za misonobari, kitambaa kizito na boksi. Kwenye kioo kilaini haikai, siku moja utakuta pambo limedondoka lenyewe. Kioo na chuma vipe gundi ya mirija miwili inayochanganywa. Bastola za joto la juu hufikia nyuzi 190 hivi za Selsiasi, za joto la chini kama 120, na anayeanza namshauri ya chini. Ikikudondokea, peleka mkono kwenye maji baridi yanayotiririka mara moja, na uuache humo dakika 20.

Kazi ya kwanza ninayompa mgeni ni shada la mlangoni, kwa kuwa halihitaji gundi hata tone. Chukua henga ya waya, ivute mpaka iwe duara, kile kikonyo cha kuning'inizia kibaki juu. Tafuta mashati na mashuka ya pamba yaliyochakaa, ya rangi zako mbili. Kata vipande vya upana wa sentimita 2.5 na urefu wa 15. Usihangaike kunyoosha kingo, nyuzi zinazochomoza ndizo zinazolijaza shada. Kila kipande kifunge fundo moja kwenye waya, kikaze, kisha kisukume kwa kidole gumba kibanane na mwenzake. Kusukuma huko ndiyo siri yote. Vipande 30 vya mwanzo vitakukatisha tamaa, maana waya utaonekana mtupu kama mti uliopukutika. Endelea. Henga moja humeza zaidi ya vipande 100, na ukifika robo tatu ya duara utaona vimeanza kusimama vyenyewe, vimeviringana kama manyoya. Malizia kwa kupunguza vinavyozidi kwa mkasi, ukilizungusha shada polepole, ukilitazama kutoka mbali kila mara.

Taa za kamba za mitumba zikague waya wote kwa vidole kabla ya kuziwasha. Penye mpasuko au panapoonyesha shaba, zitupe, usizibandike tepu. Kwenye karatasi na kitambaa tumia taa za LED, ambazo hupata joto kidogo, na mshumaa wa moto uwe mbali kabisa na shada lako.

Sikukuu ikiisha usiviache vitu darini panapochemka kwa jua. Gundi ya moto hulegea kwenye joto kama lile, na utafungua sanduku ukute vipande vimetawanyika. Viringishia kila kimoja karatasi, vizito viende chini, na juu kabisa weka kile kipande cha kitambaa ulichokuwa ukitembea nacho mfukoni. Mwakani ndicho utakachotangulia nacho kwenda kununua.