Supachaja, kama injini hujaifungua

Kwa gari la mbio la zamani ambalo halikutoka kiwandani na turbo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi), funga supachaja, pampu nyingine inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Inazungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki (shafti kuu ya injini), kwa hiyo nguvu inakuja papo hapo ukikanyaga mafuta, na huhitaji kubadilisha manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi wa silinda), na mara nyingi huhitaji kuvuta mabomba ya oili. Inakula sehemu ya nguvu ya injini, hilo ni kweli, lakini joto chini ya boneti linakuwa dogo, na mipira na nyaya za zamani hazipendi joto.

Turbo ni ya anayetaka nguvu nyingi na yuko tayari kufungua injini na kubadilisha vya ndani. Angalia Toyota Supra ya miaka ya 1990: injini yake ya 2JZ-GE isiyo na turbo ina mgandamizo (kiasi pistoni inavyobana hewa kwenye silinda) wa 10:1, 2JZ-GTE yenye turbo ni 8.5:1. Toyota hawakuushusha kwa bahati mbaya. Ukisukuma hewa nyingi kwenye mgandamizo mkubwa, injini inaanza kugonga (mafuta yanalipuka yenyewe kwa wakati usiofaa), na pistoni haitakuomba ruhusa kabla ya kuvunjika.

Tahadhari moja: supachaja ya sentrifugo (yenye feni inayorusha hewa) inajaza kadiri mizunguko ya injini inavyopanda, kwa hiyo kwenye mizunguko ya chini itakuwa dhaifu kidogo. Ukitaka mvuto wa chini, tafuta ya aina ya Roots au skrubu pacha, zinazosukuma hewa kwa rota mbili.

Yoyote utakayochagua, pima kompresheni (shinikizo la hewa inayobanwa) ya kila silinda kwanza. Ikitofautiana sana, hela yote ipeleke kwenye injini, hayo mengine yasubiri.