Uliza Fundi: Cobra ya kuunganisha, eti "imebaki kidogo tu"

SWALI: Shikamoo fundi. Nimepata mtu anauza replika ya AC Cobra (lile gari la michezo la miaka ya 60 lisilo na paa) aliyoanza kuiunganisha mwenyewe akaishia njiani. Chasisi ipo, bodi ya faibaglasi imeshakaa juu yake, injini ya V8 (silinda nane) imewekwa pembeni, spea zingine ziko kwenye maboksi. Anasema imebaki kidogo tu, na anauza chini ya nusu ya hela aliyotumia. Mimi injini nafungua kiasi ila gari zima sijawahi kujenga. Niichukue?
Mdau mwenye kiu

JIBU: Marahaba mdau. Hilo neno "imebaki kidogo" kwenye magari haya usilipe uzito, maana bodi ikishakaa juu ya chasisi gari linaonekana limeisha, majirani wanakuja kupiga picha, kumbe ndio kwanza kazi inaanza. Kupachika bodi ni watu wanne wa kunyanyua na siku moja mbili. Wayaringi, mabomba ya breki, milango ikae sawa na isigonge, tangi lisivuje, rangi, hivyo ndio vinakula miezi mpaka miaka na hapo ndipo watu wanachokea. Huyo jamaa sidhani kama ni mwongo, kachoka tu.

Kuwa ni kopi kusikusumbue. Cobra zenyewe za miaka ya 60 zilikuwa kama elfu moja tu duniani, Mmarekani Carroll Shelby, aliyewahi kuwa dereva wa mashindano, alichukua gari dogo la Kiingereza la kampuni ya AC mwaka 1962 akalipachika V8 ya Ford, na hizo original leo bei yake ni ya matajiri. Kwa hiyo karibu kila Cobra utakayokutana nayo barabarani ni replika. Inakopiwa kuliko gari lolote kwa sababu ni rahisi kukopi, haina paa, haina vioo vya kupandisha, na chasisi ya asili ilikuwa mabomba mawili makubwa yamekaa kama ngazi.

Sasa ukienda kuliona, bodi iwe ya mwisho kuiangalia. Anza na makaratasi. Chasisi ina namba? Risiti za seti (yale maboksi ya vipande vya kujiunganishia) na za injini zipo? Kama kuna gari lililotolewa spea (seti nyingi za Marekani zimepangwa zitumie spea za Ford Mustang), hati zake ziko wapi? Kuna nchi huwezi kusajili gari la kujitengenezea bila kuonyesha kila kitu kikubwa kimetoka wapi, na Uingereza kuna ukaguzi wao unaitwa IVA ambao mkaguzi anapima hadi kona za nje, ncha iliyo kali kuliko mviringo wa milimita 2.5 inakufelisha. Nenda kaulize wanaosajili magari kwenu KABLA hujatoa hela, sio baada.

Ya pili uliza kitabu cha maelekezo cha seti. Bila hicho utakuwa na maboksi ya chuma na boliti usizojua zinakaa wapi, na aliyezifungua keshasahau. (Gari dogo la michezo la Lotus Seven lilipotoka mwaka 1957 Uingereza liliuzwa vipande vipande kukwepa kodi ya gari zima, ila sheria ilikataza kumpa mteja maelekezo ya kuunga, basi Lotus wakawapa maelekezo ya kulifungua, mteja anasoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Wewe hata hayo utakuwa huna.)

Halafu hakikisha chasisi ilitengenezwa kwa injini hiyo hiyo na gia boksi hiyo hiyo, sio "zitaingia tu". Mauntini za kushikilia injini zikikataa unaanza kukata na kuchomelea, propela inakuwa fupi au ndefu, ekzosi inagonga usukani, yaani kosa moja linazaa matano. Ingia chini na tochi uone weldi zimekaaje na kama chuma kililala nje bila rangi kikala kutu. Kwenye faibaglasi tafuta nyufa ndogo zilizotawanyika kama nyota, hapo iligongwa au ilikalia vibaya, zinarudi hata ukipiga rangi.

Kama makaratasi, kitabu na injini vimekubali, chukua, ila kwa bei ya mtu anayenunua spea na sio ya mtu anayenunua gari. Kimoja kikikosekana, tafuta iliyokwisha na inayotembea, utalipa zaidi ila utaendesha mwaka huu. Na kama ni kuendesha tu ndio unataka, spana huna hamu nazo, hata usiende kuliona hilo.

SWALI: Fundi, replika ya Porsche Speedster inayojengwa juu ya Volkswagen Beetle ile ya mgongo wa kobe, si ndio rahisi zaidi?

JIBU: Kwa mtu wa kwanza kujenga, ndio. Injini iko nyuma na inapozwa kwa hewa, hakuna rejeta wala mabomba ya maji, na sakafu ya Beetle inakuja na saspensheni na breki zake tayari. Tatizo ni moja, Beetle ina sentimita 240 kati ya ekseli na Porsche 356, ndiyo hiyo Speedster yenyewe, ina 210, kwa hiyo wengi wanakata kipande cha sakafu halafu wanaunga. Hapo usijaribu mwenyewe, mpe mchomeleaji anayejua kuifunga isipinde. Na namba ya chasisi ya Beetle imegongwa kwenye mgongo wa sakafu chini ya siti ya nyuma, ole wako uikate.

SWALI: Mambo fundi. Nimenunua replika ya Cobra iliyokwisha, juzi nashuka shavu la mguu likagusa bomba la moshi la pembeni nikaungua. Na ndani miguuni joto balaa. Kuna dawa?

JIBU: Poa, pole sana. Wenye Cobra wanaita kuumwa na nyoka, wengi wana kovu. Kuna ngao za bati zenye matundu zinafungwa juu ya bomba, zinaharibu sura kidogo lakini ngozi haina spea. Joto la miguuni bandika kinga ya joto upande wa injini, halafu ziba kila tundu linalopitisha waya na usukani, hewa ya moto inapenyea hapo hapo. Na ukishuka nyanyua mguu kama unavuka mtaro, kaptula achana nayo.