Magogo ndani ya mto: yanaziba au yanatengeneza?

Swali: Nimesoma kwamba Waklallam, kabila la wenyeji wa asili wa mto Elwha, jimbo la Washington nchini Marekani, walipigania mabwawa mawili yabomolewe ili samoni, samaki wanaotoka baharini kupanda mto kutaga, warudi, na kwamba wao wenyewe hufukia magogo mtoni. Hayazibi njia ya samaki? Na bwawa likishaondoka, kwa nini mto usiachwe ujitengeneze?

Jibu: Yangeziba kama yangelazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Rundo la magogo hujengwa upande mmoja wa mkondo au kwenye kichwa cha kisiwa, maji yakabaki na pa kupita. Yakiligonga hupinda na kuchimba, na mguuni mwake panatokea kidimbwi kirefu chenye kivuli, maficho ya vifaranga. Nyuma ya rundo mwendo hupungua na changarawe ikatua.

Changarawe hiyo ndiyo inayotafutwa. Samoni jike hulala ubavu, akapiga mkia hadi shimo litokee, akataga, kisha akafukia. Mayai hukaa humo miezi kadhaa yakitegemea hewa iliyomo katika maji yanayopenya kati ya kokoto. Mawe yakiwa makubwa mno hawezi kuyasogeza. Tope laini likijaa, mayai hufa.

Sasa tazama bwawa linafanya nini. Ukuta wa kwanza wa Elwha ulikamilika mwaka 1913, kilomita 8 hivi tu kutoka baharini, na wa pili mwaka 1927. Hazikuwa na ngazi ya samaki, yaani njia ya vidato vya maji ya kupandia ukuta. Zilizuia pia changarawe na miti inayoelea, hivyo chini yake mto ukabaki na mawe makubwa matupu. Ndiyo maana Waklallam walianza kujenga marundo zaidi ya miaka kumi kabla kazi ya kubomoa haijaanza mwaka 2011.

Kuhusu kuuacha mto: kwa sehemu kubwa uliachwa. Kuta zilishushwa kwa awamu hadi mwaka 2014, kazi ikisimama nyakati za samaki kupanda, na mto wenyewe ukashusha mamilioni ya mita za ujazo za mchanga na changarawe. Usichoweza kujipatia haraka ni miti minene. Gogo jembamba huchukuliwa na mafuriko ya kwanza, na mti wa kuhimili mafuriko hukua kwa miongo mingi. Kwa maoni yangu rundo ni gongo la kutembelea tu. Tiba ni miche inayopandwa kingoni.

Ujenzi wenyewe hauna mzaha. Gogo huachiwa mizizi, mizizi ikaelekezwa maji yatokako na shina likafukiwa kitandani mwa mto. Mitambo huingia kiangazi maji yakiwa machache, baada ya samaki kuhamishwa.

Waklallam hawafanyi haya kwa hisani ya mtu. Haki yao ya kuvua imo katika mkataba wao na serikali ya Marekani wa mwaka 1855, na hukumu ya mahakama ya mwaka 1974 iliyapa makabila ya Washington yenye mikataba nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa, pamoja na usimamizi wa pamoja na jimbo. Wao pia walikubali kusimamisha uvuvi mtoni humo tangu mwaka 2011. Mwaka 2023 ndipo walipovua tena samoni aina ya coho, kwa kiasi kidogo, kwa ibada na chakula.

Ukitaka kuiga, anza kwa kujua mto wako umepungukiwa nini. Kama tatizo ni maji kuchepushwa au tope la mashambani, magogo hayatakusaidia.