Leaf ya mtumba, Nakuru hadi Kisumu

Dada, umeuliza kama Nissan Leaf ya mtumba, lile gari la umeme, lenye betri ya kilowati-saa 40, itakufikisha Kisumu kwa mama kila mwisho wa mwezi. Kwenda itafika, bora betri iwe nzima: ni kama kilomita 180, na ukishavuka Mau Summit unateremka, gari linajirudishia chaji kiasi. Kazi iko kurudi. Kutoka Ahero unapanda zaidi ya mita 1,000 kupitia Kericho, na mlima hula betri kweli. Kwa hivyo fika Ijumaa, uichaji kwa mama hadi ijae, uondoke Jumapili. Soketi ya nyumbani huchukua zaidi ya saa 12 kuijaza. Usitumie ekstensheni nyembamba, nakusihi, huchemka. Kabla ya kulipa, hesabu vijistari vya afya ya betri kwenye dashibodi: vikiwa 12, sawa, vikiwa 9, achana nayo.