Jina kwa mtendaji, habari kwa jirani

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 44, watoto watatu, nalima viazi hapa Uyole. Mwaka 2002 nilihitimu mafunzo ya mgambo, nikashika malindo ya usiku miaka michache kisha nikaacha. Mwezi uliopita nilisikia kata yetu inaandikisha watu wa mafunzo, nikaenda kwa mtendaji kuandikisha jina. Mke wangu alizisikia habari hizo bombani, kwa jirani. Tangu siku hiyo akitaka kuniambia kitu anamtuma mtoto. Anasema umri umekwenda, nina presha, na viazi vinataka kuchimbwa. Kijana wangu wa kidato cha sita ananiita kuruta na kucheka. Marehemu baba alikuwa mgambo, akaenda vita vya Kagera. Nimekosea nini? Baba wa Uyole.*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia mkeo kabla ya kwenda kwa mtendaji. Sikupaona.

Mkeo hajaukasirikia mgambo. Amekasirika kwa sababu jirani alijua kabla yake, akabaki pale bombani na ndoo yake akijifanya naye anajua. Presha na viazi ni hoja za kweli, lakini zimekuja baadaye.

Sasa niseme na lile ambalo huenda yeye hataki nikwambie: hamu yako siioni ya kipuuzi. Umezaliwa baba yako akiwa ametoka vitani juzijuzi. Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, mgambo wengi walichukuliwa kuongeza nguvu JWTZ, wakavuka mpaka wakaingia Uganda, na waliorudi walikuwa na masimulizi yasiyokwisha. Mtoto aliyekulia kwenye masimulizi hayo, kisha naye akaonja mchakamchaka wa alfajiri na nyimbo zake, akifika umri ambao wanawe wanampita urefu, siku moja moyo utamwenda tu. Wanaume wengine wa rika lako moyo ukiwaenda hukimbilia kwa mabinti wa watu. Wewe umekimbilia kwa mtendaji wa kata. Mkeo ana la kushukuru hapo, ila usimwambie leo.

Lakini jiulize unafuata nini. Kama ni pesa, unajua mwenyewe kwamba mgambo si ajira. Mafunzoni hakuna mshahara, na cheti kitakusaidia kuomba kazi ya ulinzi ukigombania nafasi na vijana wa miaka 25. Viazi vyako vinalipa zaidi, hata kwa hiyo lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo, wanayowaonea nayo madalali. Kama unachotaka ni kuwa tena mtu wa kuhesabiwa kwenye paredi, basi mkeo anastahili kuyasikia maneno hayo kutoka kinywani mwako.

Kabla ya uwanja, nenda zahanati ukapime presha, na dawa usiache. Kukimbia alfajiri kwenye baridi ya Uyole ya mwezi Juni na mwili uliokaa miaka bila mazoezi si jambo la kubahatisha. Kisha mwone mshauri wa mgambo wa wilaya ukiwa na cheti chako cha 2002. Mwambie umri wako wa kweli na maradhi yako. Muulize kama mtu aliyekwisha kuhitimu lazima aanze upya na makuruta, au anaweza kuwekwa panapofaa uzoefu wake. Akikwambia umri hauruhusu, mwanangu, pokea na urudi nyumbani. Usije ukapunguza miaka kwenye fomu.

Na viazi je? Mafunzo yakiangukia wakati wa kuchimba, atakayeinama shambani ni mama watoto. Tafuta kibarua, na pesa yake uwe nayo mkononi kabla hujaufungua mdomo.

Watoto wakilala, kaa naye jikoni. Usianze na Kagera. Anza na bombani: mwambie ulimwaibisha. Mwambie akitaka ulifute jina, kesho asubuhi unalifuta, na uwe tayari kweli kulifuta, maana mwanamke aliyekaa nawe miaka yote hiyo atakujua ukimchezea.

Huyo kijana mwache acheke. Tangu 2013 wahitimu wa kidato cha sita wanaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, na yeye mtihani ni Mei. Akipangiwa Mafinga, kwenye baridi ile, mwombee afande mpole.