Maswali ya Wasomaji: Kijiko cha Bibi na Chapa ya PURE COIN

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, marehemu bibi yetu alituachia kijiko cha chai alichopewa zamani na mgeni kutoka Marekani. Nyuma ya mpini pamegongwa maneno PURE COIN, pamoja na jina lililofutika nusu. Sonara mmoja hapa mjini amesema si fedha, kwa kuwa hakina namba 925. Je, ni kweli?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, kukosekana kwa namba hiyo hakuthibitishi lolote. 925 ni kiwango kilichotoka Uingereza, yaani sehemu 925 za fedha katika 1,000, na mafundi wa Marekani hawakukishika kwa wingi hadi nusu ya pili ya karne ya 19. Kabla ya hapo walifuata kiwango cha sarafu zao, ambacho kuanzia mwaka 1837 kilikuwa sehemu 900, zilizobaki zikiwa shaba. Chapa yako yadai kiwango hicho, kwani COIN ni Kiingereza cha sarafu. Neno PURE, yaani safi, lisikufanye uamini kwamba fedha yake haikuchanganywa na kitu.

Uhusiano huo na sarafu ni wa zamani zaidi. Katika makoloni ya Uingereza huko Marekani, ambako benki hazikuwapo, tajiri wa Boston aliyerundikiwa sarafu za Kihispania alizipeleka kwa mfua fedha, zikayeyushwa, zikafuliwa kuwa makopo, mabakuli na vijiko, kisha zikachorwa herufi za majina ya mume na mke, hata zikiibwa ziweze kutambulika, jambo lisilowezekana kwa sarafu. Mmoja wa mafundi hao, John Hull, ndiye aliyekabidhiwa mwaka 1652 kazi ya kutengeneza shilingi za Massachusetts, akishirikiana na Robert Sanderson.

London vyombo vilikaguliwa na kugongwa alama ya simba. Boston haikuwa na ofisi ya namna hiyo, hivyo mnunuzi alitegemea jina la fundi tu. (Baltimore peke yake ilijaribu ukaguzi rasmi, kuanzia 1814 hadi 1830.) Ndiyo maana Paul Revere, mfua fedha wa Boston aliyetengeneza mwaka 1768 bakuli maarufu la Wana wa Uhuru, kundi lililopinga utawala wa Uingereza, aligonga REVERE ndani ya kisanduku. Kijiko chako si cha enzi yake, kwani chapa ya COIN ni ya karne ya 19, lakini lile jina lililofutika nusu huenda likawa na thamani zaidi kuliko uzito wa kijiko chenyewe.

Sumaku haitakusaidia sana: fedha haivutwi nayo, lakini aloi nyingi, yaani michanganyiko ya metali, zinazofanana nayo pia hazivutwi. Tazama tumbo la kijiko kwa nyuma, mahali kinapogusa meza. Kama kimepakwa fedha juu juu tu, hapo ndipo rangi nyingine hujitokeza kwanza. Usikisugue kwa mchanga wala jivu, na ukikirudisha kwa sonara, mwombe afanye jaribio lake ukingoni, mbali na chapa.